Majabali ya Kitale na Bungoma: Apandaye na Abishe Hodi

Wahenga wetu walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Hawakutuachia neno lolote juu ya namna binadamu na mlima wanavyokutana, na sisi watu wa pwani hatukuwa na haja ya kuuliza. Kwetu mtu hupanda mnazi kwa ajili ya dafu, na baharia hupanda mlingoti kwa ajili ya tanga. Kwamba mtu mzima, mwenye akili zake timamu, atalipanda genge la jiwe kwa ncha za vidole, afike juu, atazame huku na huku, kisha ateremke mikono mitupu, hilo ukilisimulia barazani utaulizwa swali moja tu: huko juu kuna nini?

Swali hilo si la kipuuzi. Leo nataka kulijibu kwa kuwachukua wasomaji wetu mbali na bahari, zaidi ya kilomita 850 kutoka Mombasa, hadi nchi ya Kitale na Bungoma iliyo chini ya Mlima Elgon. Siku hizi nchi hiyo inatajwa na wapenzi wa kupanda majabali, na wakubwa wa kaunti nao wanaitazama kama shamba jipya la watalii. Jibu langu kwa ufupi ni hili: juu ya majabali yale kuna watu. Kuna majina yao, chumvi ya mifugo yao, mahali pao pa kuomba na mahali walipopigania nchi yao. Mwenye kupanda bila kuyajua hayo ni sawa na mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, na nyumba hii ina namna zake za kumwadhibu mgeni wa aina hiyo.

MCHEZO WA KAMBA NA VIDOLE

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Kupanda mwamba si kutembea mlimani. Mtembezi hutumia miguu na fimbo. Mpanda mwamba hutumia mikono na miguu pamoja, na kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa kiunoni mwake. Huenda wawili wawili. Mmoja hutangulia, akipachika vyuma katika nyufa za jiwe na kuipitisha kamba ndani yake. Wa pili hubaki chini, akiishika kamba ile na kuiachia kidogo kidogo. Wa juu akiteleza, wa chini huikaza, naye huning'inia badala ya kuanguka mpaka chini. Maisha ya mtu basi yamo mikononi mwa mwenziwe, kama yalivyokuwa maisha ya mpiga mbizi wa lulu mikononi mwa yule aliyebaki chomboni akiishika kamba yake.

Mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Hapa Kenya una umri mrefu zaidi ya huo. Wapandaji hukutana Lukenya, karibu na Athi River. Katika magenge ya Hell's Gate huko Naivasha. Kichwa Tembo katika mbuga ya Tsavo, ambako si mbali sana na kwetu. Na kwenye jabali kubwa la Poi katika milima ya Ndoto, kaskazini ya nchi. Juu ya yote ni Mlima Kenya, wenye kilele cha Batian cha mita 5,199 na jirani yake Nelion cha mita 5,188. Vilele hivi viwili havifikiwi kwa miguu mitupu; lazima kamba.

Batian ilipandwa tarehe 13 Septemba 1899 na Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na waongozaji wawili wa milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel. Hayo yamo katika vitabu vyote. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mizigo ya safari ile ilibebwa na wapagazi, na miongoni mwao walikuwamo Waswahili wengi. Kumbukumbu za Mackinder zilipochapishwa mwaka 1991, orodha ya wapagazi ilionyesha Waswahili wanane walioandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wataalamu wamelijadili jambo hilo tangu wakati huo. Mimi nalitaja hapa ili msomaji ajue kwamba tangu mwanzo wake, kupanda majabali katika nchi hii kulikuwa na watu waliopata sifa na watu waliolipa gharama, na hawakuwa watu wale wale.

Baadaye wananchi nao walipanda kwa jina lao. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alikuwa juu ya Lenana akiisimamisha bendera ya Kenya. Mwaka 2022 James Kagambi, mwalimu wa milima aliyekwisha kupita umri wa miaka 60, alisimama juu ya Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Na mwezi wa Mei 2024 Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, aliaga dunia kwenye mlima huo huo alipokuwa akijaribu kuupanda bila hewa ya mtungi. Basi asiseme mtu kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Wakenya wamekwisha kuutolea jasho, na wamekwisha kuutolea roho.

MLIMA MZEE

Mji wa Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, umekaa kati ya milima miwili. Mashariki ni Cherang'ani, na magharibi ni Elgon. Garimoshi lilifika hapo mwaka 1926, wakati ardhi ile nzuri ya mahindi ilipokuwa imeshikwa na walowezi. Mvua ikinyesha usiku na mbingu kutakata asubuhi, Elgon huonekana kama mtu mkubwa aliyelala kifudifudi; hauna ncha kali kama ya Mlima Kenya, wala kofia nyeupe kama ya Kilimanjaro.

Lakini usidanganywe na kulala kwake. Mlima huu ni volkeno iliyozimika, yenye umri wa mamilioni mengi ya miaka, mkubwa wa Kilimanjaro kwa kuzaliwa. Shina lake lina upana wa kilomita 80 hivi. Mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Kilele kirefu kabisa ni Wagagai, upande wa Uganda, chenye mita 4,321. Upande wetu kuna Koitobos, chenye mita 4,222. Katikati ya vilele pana shimo kubwa la volkeno, lenye upana wa kilomita nane hivi, na ndani yake maji ya moto hububujika kutoka ardhini. Mto Suam hutoka humo, ukapenya ufa wa magenge, ukashuka na kuwa Turkwel, na mwisho ukaingia Ziwa Turkana.

Jina la Elgon limetokana na Wakony, ambao ni miongoni mwa Wasabaot wakaao mlimani. Wabukusu wa Bungoma, na Wagisu walio ng'ambo ya mpaka, huuita Masaba. Mlima mmoja, majina mawili, na kila jina lina watu wake.

Jiwe la Elgon linataka kuelezwa, kwani hapo ndipo mpandaji anapokutana na mtihani. Sehemu kubwa ya mlima ni majivu ya volkeno yaliyogandamana na mawe madogo madogo. Ukilitazama kwa mbali utasema ni mwamba, ukilishika humong'onyoka. Chuma kilichopachikwa humo huweza kung'oka kama msumari katika boriti iliyoliwa na mchwa. Juu ya tabaka hizo laini hulala tabaka za lava ngumu, na hizo ndizo zilizofanya magenge marefu yaliyosimama wima. Koitobos ni kipande cha lava namna hiyo: juu pamekuwa bapa kama meza, na kando zimekatika kama kwa msumeno. Njia ya kawaida ya kufika huko hutafuta upande ulio mwepesi, na mwisho wake yataka mikono iisaidie miguu. Karibu na lango la mbuga kuna genge la Endebess, ambalo mtu akisimama ukingoni huiona nchi ya Trans Nzoia imetandikwa chini yake kama mkeka.

Surat Al-Ghashiya inawataka watu waitazame milima, namna ilivyosimamishwa. Nimeisoma sura hiyo tangu nikiwa mtoto wa chuoni, penye mchanga na minazi, na kwa miaka mingi milima ilikuwa kwangu neno tu. Mbele ya magenge yale mtu huelewa kwa nini ikatajwa pamoja na mbingu na ardhi.

MAPANGO YA CHUMVI

Kwa kuwa majivu ni laini na lava ni ngumu, maji yamekula chini na kuacha paa juu. Hivyo yakapatikana mapango ya Elgon: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na mengine mengi. Kitum huingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Maporomoko madogo ya maji huanguka mbele ya baadhi ya milango yake kama pazia.

Mapango haya yalikuwa nyumba. Wasabaot waliishi humo pamoja na ng'ombe na mbuzi wao, wakajikinga na baridi na maadui, na wengine waliendelea kuishi humo hata karne ya ishirini. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 aliwakuta watu mapangoni, akashangaa kuona kazi kubwa ya kuchimba namna ile, akadhani imefanywa na taifa jingine la kale. Ilikuwa desturi ya wasafiri wa zama zile: wakiona jambo kubwa katika Afrika, humtafutia sifa mtu mwingine.

Kumbe wachimbaji walikuwapo pale pale. Kuta za mapango zina chumvi, na wafugaji waliichimba kwa ajili ya mifugo yao. Ndovu nao waliichimba. Usiku ndovu wa Elgon huingia Kitum gizani, wakipapasa njia kwa mikonga, mama na watoto wao, wakavunja jiwe kwa pembe na kulitafuna kwa ajili ya chumvi. Alama za pembe zimejaa ukutani kama alama za tezo kwenye ubavu wa dau. Sijui wanyama wengine wakubwa wanaofanya kazi ya mgodi namna hiyo. Majangili waliwapunguza sana ndovu hao katika miaka ya 1970 na 1980, na waliobaki ni amana mikononi mwetu.

Sasa nije kwenye onyo, na ninaomba lisomwe polepole. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi ya Kenya aliingia Kitum, na siku chache baadaye akafa Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg, homa kali inayomfanya mtu atoke damu. Daktari aliyemtibu aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki, mwenye umri wa miaka 15, naye aliingia pango lile lile, naye akafa kwa ugonjwa huo huo. Kwa muda mrefu haikujulikana kirusi hicho hujificha wapi. Mwaka 2009 wataalamu walithibitisha kwamba kinakaa kwa popo walao matunda katika mgodi mmoja wa Uganda, na mwaka 2010 wakatangaza kwamba dalili zake zimepatikana kwa popo wa Kitum wenyewe.

Watu wengi wameingia Kitum wakatoka salama. Lakini mpanda majabali hushika kuta, hutambaa, hujikwaruza mikono, na huo ndio mlango wa maradhi. Penye popo wengi, shughuli ya kupanda haina mahali. Mwenye kutaka kuliona pango na asimame mlangoni pamoja na askari wa mbuga, atazame, aridhike.

NYAYO ZA WATU WA PWANI

Huenda msomaji wa Lamu au Mombasa akasema: haya ni mambo ya bara, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwani watu wetu walifika huko kabla ya reli.

Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pwani ilizifuata pembe za ndovu hadi nchi ya Nabongo wa Wanga, mahali panapoitwa Mumias leo, na kutoka hapo ikauzunguka mlima. Uislamu ulishika mizizi Mumias kwa njia ya wafanyabiashara hao, na Kiswahili nacho kikapata makao. Huo ni upande mmoja wa habari. Upande wa pili ni kwamba misafara hiyo ilikuwa na bunduki. Ilichukua pembe, na ilichukua watu pia. Wenyeji wa Kitale husimulia hadi leo kwamba misafara ya watumwa ilikuwa ikitua mahali ulipo mji wao. Si kila aliyetoka pwani alibisha hodi, na hatuna budi kulisema hilo wenyewe kabla hatujaambiwa na wengine.

Kisha zikaja safari za Waingereza, nao walitegemea migongo ya watu wa pwani. Mwaka 1889 Frederick Jackson alitoka Mombasa na msafara mkubwa wa wapagazi kwa ajili ya kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani, na mwaka 1890 yeye na mwenzake Ernest Gedge wakauvuka Mlima Elgon kwa kupitia ndani ya shimo la volkeno. Leo kilele kimoja upande wa Uganda kinaitwa kwa jina la Jackson. Fikiria, ndugu msomaji, mpagazi wa Kisauni au wa Pangani, mwenye kanzu ya marekani na mzigo kichwani, akikanyaga barafu ya asubuhi kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Yeye hakuachiwa kilele, wala jiwe dogo. Alilipwa kwa mwezi, akarudi pwani, na habari zake zikaishia kwa wajukuu.

MAJABALI YA BUNGOMA

Sasa tuteremke kusini ya mlima, tuingie Kaunti ya Bungoma, nchi ya Wabukusu. Huku majabali si marefu, lakini kila moja lina historia.

Karibu na mji wa Webuye, yalipo maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, pana mteremko mrefu wa mawe unaoitwa Chetambe. Juu yake palikuwa na boma lenye handaki. Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley, likiwa na askari wa Kisudani na wapiganaji wengine waliounganishwa nao, lililishambulia boma hilo baada ya kuvunja ngome nyingine ya Wabukusu huko Lumboka. Mikuki ilikutana na bunduki, na watu wengi wakauawa. Leo kijana mwenye kamba na viatu vya mpira akiupanda mteremko ule kwa furaha yake hakosei, lakini na ajue kwamba anapopumzika ndipo wengine walipokata roho.

Liko pia jabali la Mwiala, ambalo Wabukusu hulitaja pamoja na jina la Mango. Wasimulizi wao husema kwamba humo mlikaa nyoka mkubwa, Yabebe, aliyewala watu na mifugo. Mango akamvizia pangoni, akamuua. Kwa ushujaa huo akakubaliwa kutahiriwa na majirani zao wa mlimani, na kutoka kwake desturi ya jando ikaenea kwa Wabukusu wote. Hata sasa, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawika kwa mbili, vijana wa Bungoma hutahiriwa, na jina la Mango huimbwa. Kwa watu hao pango lile ni mlango wa utu uzima. Utapiga vyuma mlangoni hapo kwa idhini ya nani?

Na jambo la tatu linaunganisha Bungoma na Lamu. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde, mtu wa Kimilili aliyewahi kuichezea timu ya mpira ya Kenya, aliongoza kundi lililoitwa Dini ya Msambwa. Wafuasi wake waliuona Mlima Elgon kuwa mahali patakatifu, wakapanda huko kuomba, wakapaita Sayuni, na wakawataka Wazungu waondoke nchini. Mwaka 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa kundi hilo huko Malakisi, kundi likapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kifungoni Lamu. Mtu wa mlima akawekwa kisiwani, mahali ambapo kitu kirefu cha kutazama ni mnara wa msikiti. Aliona uhuru, akafa mwaka 1987. Hatuna lazima ya kuikubali dini yake, nasi hatuikubali. Lakini lazima tukubali kwamba kwa watu wale kuupanda mlima kulikuwa ni jambo la kufa na kupona.

Ukivuka mpaka wa Bungoma kidogo, ukaingia Teso katika Kaunti ya Busia, utalikuta jabali la Kakapel. Chini ya mwavuli wake wa jiwe kuna michoro ya kale: miviringo, na ng'ombe waliochorwa juu yake na watu waliofuata. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba chini ya jabali hilo walipata mbegu za kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2024. Mkono wa mpandaji una jasho na chokaa ya kukausha jasho, na vyote viwili ni sumu kwa michoro. Hapo basi kupanda ni haramu, na hakuhitaji kujadiliwa.

NANI ANUFAIKE?

Sisi wa pwani tuna haki ya kulisema hili kwa sababu tumelionja. Fukwe zetu zilikuwa za wavuvi. Wageni walikuja kuoga, wakazipenda, wakazisifu, kisha zikajengwa. Leo katika sehemu nyingi mvuvi hutafuta kijia kati ya kuta mbili ili aifikie bahari aliyozaliwa nayo, na mtoto wake akibahatika huuza vinyago mlangoni. Hakuna siku moja iliyotangazwa kwamba ufuo umechukuliwa. Ulikwenda kidogo kidogo, huku wenyewe wamenyamaza.

Elgon nao umepitia yake. Mbuga ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 169, ilitangazwa mwaka 1968. Mwaka 2000 ardhi ya Chepkitale, makao ya Waogiek wa mlimani, ikageuzwa hifadhi ya wanyama, na wakazi wakahesabiwa kuwa wavamizi. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ugomvi wa ardhi katika wilaya ya Mlima Elgon ulizaa kundi la wapiganaji, na wananchi wakaumia mikononi mwa kundi hilo, kisha wakaumia tena jeshi lilipoingia kulifyeka. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ya Waogiek. Kwa hiyo mtu anayesimama leo na ramani mkononi, akasema hapa pafanywe mahali pa kupanda na pale pajengwe kambi, anazungumzia ardhi ambayo bado ina machozi mabichi.

Hata hivyo sisemi watu wasipande. Nasema mfano mzuri uko karibu. Upande wa Uganda wa mlima huu huu, huko Sipi katika wilaya ya Kapchorwa, pana maporomoko ambayo refu lake linakaribia mita 100. Vijana wa pale, Wasabiny, ambao ni ndugu wa Wasabaot, wamejifunza kazi ya kamba. Wao ndio wanaomfunga mgeni mkanda, wanaomteremsha kando ya maji, na wanaomwongoza kwenye magenge yaliyotiwa vyuma. Fedha ya mgeni hulala kijijini kabla haijafika mjini. Kijana aliyefundishwa kamba hawezi kusubiri mgeni amwambie mlima wake unaitwaje.

Hilo ndilo linalotakiwa Kitale na Bungoma. Vijana wa Endebess, Kapsokwony na Webuye wafundishwe kupanda, kuokoa aliyeumia, na kulijua jiwe bovu na jiwe zima. Wazee waulizwe jabali gani liachwe na jabali gani lipandwe, na neno lao liandikwe. Makumbusho ya Kitale, ambayo yalianza kama mkusanyiko wa mlowezi na yamekuwa ya taifa tangu miaka ya 1970, yanaweza kuwa mahali pa kuyaweka majina hayo na habari zake. Na ada ya kupanda igawanywe waziwazi, ili mwenye shamba lililo chini ya genge ajue fungu lake.

Kwa msomaji atakayesikia hamu ya kwenda, maneno machache. Miezi ya ukavu, Desemba mpaka Februari, ndiyo mizuri. Masika njia za mlimani huwa tope na jiwe huteleza. Chukua sweta mbili, kwani baridi ya Koitobos haina huruma na mtu wa joto. Lango la Chorlim liko kilomita 30 hivi kutoka Kitale kwa njia ya Endebess. Jiandikishe hapo, na usipande bila mwongozaji. Kofia ngumu ivaliwe, maana mawe ya Elgon huanguka bila kuitwa. Misikiti iko Kitale na Bungoma mjini, na chakula cha halali si tatizo. Na kama hujapata kufundishwa kamba, tembea kwa miguu, mlima hautakucheka.

Nami, kwa kuwa kalamu yangu haiwezi kumaliza safari bila kuomba ruhusa ya vina, nawatumia wenye mwamba ubeti huu:

Hodi hodi wenye mwamba, hodi tena narudia,
Sikuja hapa kutamba, wala vita sikujia,
Nipokezeni na kamba, njia mkaniambia,
Jabali lina wenyewe, hodi ndiyo yake njia.

Mtu wa barazani aliuliza huko juu kuna nini. Mwambieni kuna alama za pembe za ndovu ukutani, kuna handaki la Chetambe na pango la Mango, kuna njia aliyopanda Masinde kabla hajaletwa Lamu, na kuna nyayo za babu zetu waliobeba mizigo ya wengine. Akitaka kuviona na aende, lakini afikapo kwenye mguu wa mlima, asimame kwanza na kubisha.